Upande wa Nyuma wa Kadi

Haya, kaeni vizuri. Madaftari yawe mbele yenu, penseli ziwe zimechongwa, na asiyeona vizuri asogee karibu na taa. Somo la leo ni la kusoma, la kuandika, na la hesabu kidogo. Lakini tutaanza na mtoto mmoja na kopo lake.

Wiki chache zilizopita nilitembelea darasa la jioni upande wa Dongobesh. Mzee mmoja, mwanafunzi wa darasa hilo, alikuwa amefuatana na mjukuu wake wa miaka kumi hivi. Mtoto yule alishika kopo la maziwa ya unga, nalo limejaa picha ndogo za wachezaji wa mpira. Nyingine zilitoka katika pakiti za bazoka, nyingine amezikata gazetini na kuzibandika juu ya vipande vya boksi. Anawajua wote kwa majina: huyu anacheza Hispania, yule Uingereza. Mzee alichukua picha moja, akasoma jina herufi kwa herufi, kama ninyi mnavyofanya. Mtoto akacheka. Mzee hakukasirika. Alizipitia picha zote, moja baada ya moja, kisha akauliza, "Na wa kwetu wako wapi?"

Mtoto akajibu, "Wa kwetu hawana kadi, babu."

Nami sikuwa na la kusema, maana mtoto alisema kweli.

Sasa sikilizeni. Wazazi wengi huona kopo kama lile ni mchezo wa kupoteza wakati. Mimi naona sivyo. Mtoto anayekusanya picha anatunza, anapanga, analinganisha, na anajua ipi inakosekana. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa historia. Lililobaki ni kumgeuzia kadi upande wa pili na kumwuliza habari za huko nyuma.

Katika nchi ya Marekani kuna mchezo uitwao besiboli. Mtu hurusha mpira mdogo, mwingine huupiga kwa gongo na kukimbia. Tangu karne ya 19 kadi za wachezaji wake zilitiwa katika pakiti za sigara, na baadaye katika pakiti za bazoka. Mbele ya kadi kuna picha. Nyuma, katika kadi nyingi, kuna maandishi: jina, mahali alipozaliwa, miaka aliyocheza, na hesabu zake. (Kadi moja ya mchezaji Honus Wagner, iliyochapwa kati ya mwaka 1909 na 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 7. Hilo msiwaambie watoto kwanza, maana hawatasikiliza tena lingine.)

Mtoto wa Marekani akipanga kadi za zamani za ligi kubwa, huona nyuso nyeupe tu. Kisha, kuanzia kadi za miaka baada ya 1947, huanza kuona nyuso nyeusi. Akiuliza kwa nini, amekwisha kuingia katika historia kwa mlango wake mwenyewe. Maana tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson, mtu mweusi, aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers. Kwa miaka mingi kabla ya hapo ligi kubwa hazikuwapokea watu weusi. Walicheza katika ligi zao wenyewe. Walikuwepo, na walicheza vizuri. Kadi hazikuwaonyesha.

Mnaona? Pengo katika kopo nalo lina habari zake. Basi turudi kwetu, tuitafute kadi ambayo haikuchapwa.

Mwalimu wa darasa, andika ubaoni: JOHN STEPHEN AKHWARI. Alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki, mjini Mexico City. Marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Mji ule uko juu sana, mita kama 2,240 kutoka usawa wa bahari, na njiani misuli yake ilimkaza. Kabla ya nusu ya mbio, wakimbiaji wakisongana, alianguka akaumia goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea.

Andikeni sasa hesabu mbili. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, 2:20:26. Akhwari, 3:25:27. Tarakimu ya kwanza ni saa, ya pili dakika, ya tatu sekunde. Na hapa saa 3 si saa tatu ya asubuhi; ni muda, saa tatu nzima za kukimbia. Toeni. Sekunde 27 toa 26, inabaki 1. Dakika 25 toa 20, zinabaki 5. Saa 3 toa 2, inabaki 1. Saa moja, dakika tano, sekunde moja. Katika muda huo mama anachota maji, anasonga ugali, na watu wanakula. Muda huo wote mwenzetu alikuwa bado barabarani, giza likiingia, na watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao.

Alikuwa wa mwisho. Msimfiche mtoto jambo hili. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye ndiye wa 57. Toeni tena: 18 waliacha njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali azimalize. Nyuma ya kadi yake, chini ya mstari huo wa 1968, tuandike na mstari wa pili ambao watu husahau: mwaka 1970, Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola, marathoni, wa tano. Mtu anayemjua kwa goti lile peke yake hajamjua bado.

Wanafunzi wa Hanang msinung'unike. Kadi yenu ni ya GIDAMIS SHAHANGA, aliyezaliwa Katesh mwaka 1957. Mwaka 1978, huko Edmonton, Kanada, alipata medali ya dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1982, huko Brisbane, Australia, akapata dhahabu nyingine, safari hii ya mita 10,000. Mtoto akikuta karatasi ya zamani imeandikwa kwamba alitoka Mkoa wa Arusha, asidhani ni kosa. Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002.

Kadi ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. FILBERT BAYI, mzaliwa wa Karatu mwaka 1953, wakati Karatu ingali ndani ya Wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 akiwa mbele tangu mwanzo mpaka mwisho. Nyuma yake kabisa alikuja John Walker, mwenyeji wa nchi ile. Bayi aliweka rekodi ya dunia. Kitabu kimoja kitasema 3:32.2 na kingine 3:32.16. Wote wanasema kweli: siku zile rekodi ya mbio hizo iliandikwa kwa sehemu za kumi za sekunde, na sasa huandikwa kwa sehemu za mia.

Sasa mpeni mtoto kadi hiyo aisome mwenyewe. 1974, dhahabu. 1975, rekodi ya dunia ya maili moja, Kingston, Jamaika. 1980, medali ya fedha ya Olimpiki, Moscow, mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mtoto mwenye akili atauliza: na 1976? Olimpiki ya mwaka ule ilifanyika Montreal, naye Bayi alikuwa katika nguvu zake. Mbona nyuma ya kadi hamna kitu?

Hapo ndipo mtakapoweka penseli chini na kuzungumza. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyokuwa ikiwatenga watu kwa rangi zao. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Haikuondolewa. Basi nchi nyingi za Afrika zikasusia, Tanzania ikiwamo. Medali ya dhahabu ya mita 1,500 ikaenda kwa John Walker wa New Zealand, yule yule aliyeshindwa Christchurch. Bayi hakuwapo. Je, ilikuwa haki kumwomba kijana mmoja atoe nafasi hiyo kwa ajili ya watu wa nchi nyingine? Mimi nina jibu langu. Nanyi mna lenu, na wengine wenu mnaikumbuka miaka ile vizuri kuliko mimi, ambaye nilikuwa sijazaliwa.

Hili nataka mwanafunzi mzee alishike. Mjukuu anasoma haraka kuliko wewe, hiyo ni kweli. Lakini nyuma ya kadi kuna mambo ambayo hakuna aliyeyachapa, na wewe unayajua: watu walisema nini redioni ilipotajwa Mbulu, nani kijijini alikuwa na redio wakati huo, vijana walikimbia njia gani alfajiri. Ukiyaandika kwa mwandiko wako, ule ule wa kupinda, mtoto ataisoma kadi hiyo mara mbili.

Tena msiishie kwa wazee. Watoto wa kike wapewe kadi ya Magdalena Shauri, aliyekuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa muda wa 2:18:41. Na jirani wa Hanang, Alphonce Simbu wa Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo mwezi Septemba 2025. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Waliachana kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mwambieni mtoto apige kope. Kope ni ndefu kuliko hiyo.

Kazi ya wiki hii. Kateni kipande cha boksi, upana wa kiganja. Gundi ikikosekana, pikeni uji mzito wa unga wa ngano; Hanang haukosekani. Mbele, bandikeni picha, au mtoto achore. Nyuma, andikeni jina, mahali, mwaka, mbio na muda. Mstari wa mwisho uwe swali, nanyi msiandike jibu lake. Mwacheni mtoto aende kumwuliza mtu.

Yule mzee wa Dongobesh amekwisha kutengeneza ya kwanza. Ameandika "Akhwari" bila herufi H. Mjukuu wake ameisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaitia katika kopo.

Wiki ijayo, saa ile ile, njoni na mikasi. Kwaherini.