Tarikhi ya Kanisa na Wanaoishi Jana

Hutokea mara nyingi katika halmashauri za parokia zetu, pale yanapozungumzwa mambo ya ngoma ibadani au ya mila za ukoo, kwamba mzee mmoja wa kanisa husimama, akavua kofia yake kwa adabu, akasema ya kuwa sivyo walivyopokea wao kwa baba zao. Neno hilo lina uzito, wala si haki kulidharau, maana imani haianzi na mtu wa leo. Walakini ukimwuliza mzee huyo mapokeo hayo ni ya zama gani, yalitoka kwa nani, na waliokuwapo waliyakubali kwa ridhaa au kwa ubishi, aghalabu utaona kwamba zamani anayoitetea ni ile ya utotoni mwake tu, na yaliyotangulia hapo hajapata kuyasikia.

Kuijua tarikhi ya kanisa na kuishi katika zamani ni mambo mawili mbalimbali, na kwa rai yangu yanapingana. Anayeishi katika zamani huchagua mwaka mmoja uliompendeza, akaufanya kuwa sheria ya miaka yote. Mwenye kuisoma tarikhi hukutana na miaka yenyewe, mizuri kwa michungu, akawaona watu waliokuwa na haja na shaka kama zake, wakashauriana, wakaamua, mara wakapatia, mara wakakosa.

Tuitazame Mkunazini, mjini Unguja. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia wasisafirishwe baharini, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale palipokuwa soko. Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, akausimamia ujenzi ule huku akiendelea kuyafasiri Maandiko kwa Kiswahili, na alipofariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Mgeni anayeingia leo huonyeshwa sakafuni, mbele ya madhabahu hiyo, duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu, akaambiwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa wakachapwa. Wengi huishia hapo, nyoyo zao zimejaa shukrani, nayo ni shukrani ya haki. Lakini mkataba ule haukumfungua mtumwa aliyekuwa tayari shambani Unguja au Pemba. Sheria iliendelea kuutambua utumwa hata mwaka 1897, na kwa muda wa miaka 24 kanisa lile lilijengwa, likakamilika, watu wakasali ndani yake, katika mji ambamo mtu bado aliweza kuwa mali ya mtu. Msomaji wa tarikhi hana budi kuyashika yote mawili, furaha ya 1873 na subira chungu iliyofuata, na hapo ndipo anapoanza kujiuliza ni dhuluma gani ya siku zake mwenyewe anayoipita akienda kusali.

Bagamoyo nako, ambako mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868, watumwa walikombolewa kwa fedha wakapewa kijiji cha kukaa. Ila amri zilikuwa nyingi na kazi za shamba zilikuwa nzito, na wako walioondoka wakaenda zao. Mimi huwafikiria sana hao walioondoka.

Ama katika jambo la mila, ambalo ndilo huwagombanisha watu zaidi, Masasi ina habari ambayo ingefaa isomwe katika kila halmashauri. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, pamoja na makasisi Waafrika waliozijua mila hizo tangu utoto wao, hawakulipiga marufuku jando. Walilichambua, wakaacha yale waliyoona hayapatani na Injili, wakabakisha mafunzo ya utu uzima, na sala zikashika mahali pa matambiko. Si wote walioridhika nalo, wala mimi sidai kwamba kila walichoamua kilikuwa sawa. Nadai hili tu: anayesema leo kwamba wazee wa kanisa walizikataa mila zote anawasingizia wazee, kwa kuwa wako walioketi na mila zao wakazipima moja moja.

Tena yuko Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni akafikishwa Unguja, akakombolewa, akasomeshwa na misheni ya Steere, na mwaka 1890 akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Alikwenda kufanya kazi Chitangali, upande wa kusini, miongoni mwa Wayao wenziwe, akahubiri kwa lugha aliyonyang'anywa pamoja na nyumba ya mamaye. Waumini wangapi wa kusini wamesikia jina lake?

Vijana husema kwamba hayo yamepita, wakageukia mengine, nao wanakosa kama wakosavyo wazee. Katika parokia kongwe daftari za ubatizo zingali kabatini, zimeandikwa kwa wino uliofifia: jina la ubatizo, majina ya wazazi, mdhamini, kasisi. Mchwa wanazila. Anayejua kusoma mwandiko wa kale na aende kwa karani wa parokia, aombe ruhusa, azinakili kabla ya masika yajayo, kisha awaulize wazee majina hayo yalikuwa ya kina nani, maadamu wako hai wa kuulizwa.