Maua ya msiba: Ulizia kwanza safari ya jeneza

MTEJA wa maua ya harusi huja wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Mteja wa msiba huja asubuhi akitaka shada mchana, mara nyingi akiwa ametumwa na kamati ya mazishi na fedha mkononi, lakini hajui aulize nini. Muuzaji asiyeweza kumwongoza humfungia chochote kilichopo kwenye ndoo. Maua hayo yakinyauka kabla jeneza halijashushwa kaburini, familia hupata aibu mbele ya waombolezaji, na muuzaji hupoteza mteja pamoja na ukoo wake wote.

Kwa soko la Dar es Salaam, swali la kwanza si rangi wala bei, bali ni mahali pa kuzika. Marehemu akizikwa Kinondoni, shada hukaa juani kwa saa chache tu na waridi hutosha. Lakini familia nyingi husafirisha mwili kwenda kuzika nyumbani. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kilometa zipatazo 550. Msafara ukiondoka jioni na mazishi yakafanyika kesho yake mchana, waridi lililokwisha kufunguka, tena lisilo na maji, halitafika na sura yake.

Maua yanayovumilia

Kwa safari ndefu, ua la kutegemewa ni krisanthemamu. Likitunzwa kwenye maji safi huweza kukaa wiki mbili au zaidi, wakati waridi katika joto la Pwani hudumu siku chache tu. Kaneshini nalo huvumilia vizuri, ila lina adui mmoja ambaye wasafirishaji wengi hawamjui: matunda yaliyoiva. Ndizi mbivu hutoa gesi ya etilini, ambayo hulifanya kaneshini lisinyae mapema. Kupakia boksi la maua pamoja na mikungu ya ndizi mbivu katika buti la basi ni kuharibu mali kwa mkono wako mwenyewe.

Yungiyungi jeupe huonekana la heshima, lakini chavua yake huacha doa la rangi ya kutu kwenye kitambaa cheupe cha jeneza. Muuzaji makini huing'oa kabla ya kufunga shada. Kwa rangi, nyeupe haimkosei mtu yeyote. Nyekundu huwafaa zaidi mke, mume au watoto wa marehemu.

Mzunguko wa gharama

Waridi nyingi zinazouzwa Dar es Salaam hutoka Arusha, ambako kilimo cha maua ya kuuza Ulaya, hasa Uholanzi, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Hivyo ua huteremka kwa basi hadi Dar es Salaam, likafungwa shada, kisha likapanda tena hadi Kilimanjaro juu ya jeneza. Mteja hulipia safari mbili na kuzika kwa ua lililochoka.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya mfanyabiashara mdogo. Mwenye mshirika wa kuaminika Moshi au Arusha anaweza kupokea oda na malipo Dar es Salaam, kumtumia mwenzake fedha kwa simu, na shada likafungwa asubuhi ya mazishi na kupelekwa nyumbani kwa wafiwa.

Tahadhari nyingine ni kalenda. Kuelekea Februari 14 waridi jekundu hugombewa na soko la nje na la wapendanao, na bei yake hupanda. Wiki hiyo shada la krisanthemamu humwokoa mfiwa na muuzaji pia.

Imani ya mteja

Si kila msiba ni soko la mashada. Waislamu huzika mapema iwezekanavyo, na mahitaji yao ni sanda, ubani, udi na marashi ya waridi. Kumshawishi mfiwa Mwislamu anunue shada ni kutojua kazi. Kwa Wakristo, shughuli ya kuweka mashada huitwa kundi kwa kundi: wajane, watoto, wajomba, wafanyakazi wenzake. Orodha hiyo ndiyo oda yenyewe. Aulizwe mwenyekiti wa kamati mapema ni makundi mangapi.

Hesabu

Tuchukue mfano. Muuzaji anafunga mashada 10 kwa gharama ya sh. 20,000 kila moja, na kuuza kwa sh. 35,000. Mtaji ni sh. 200,000. Akiuza sita atapata sh. 210,000, faida ya sh. 10,000 tu kabla ya kodi ya kibanda. Akiuza matano, amepoteza sh. 25,000, kwa kuwa shada la jana halina mnunuzi. Lakini akifunga kwa oda, na kuchukua nusu ya malipo mapema, mashada hayo matano yanampa faida ya sh. 75,000.

Mashada ya plastiki hayaozi, na yanafaa kuwekwa akiba kwa mteja wa ghafla, ingawa baadhi ya familia huyaona hayana uzito wa ua bichi. Yasichukue zaidi ya sehemu ndogo ya mtaji.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari liwe na safu tatu kabla ya ile ya bei: anazikwa nani, wapi, na saa ngapi.