Sumaku Haipimi Kutu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Sufuria au Sinki

Wanunuzi wengi wa vyombo hubeba sumaku ndogo dukani. Ikinasa kwenye sufuria, chombo hurudishwa kwa dhana kuwa ni chuma cha kawaida na kitashika kutu. Jaribio hilo ni rahisi, lakini linajibu swali lingine kabisa.

Kinachozuia kutu ni kromiamu. Chuma chenye angalau asilimia 10.5 ya madini hayo hujifunika utando mwembamba usioonekana, unaotokana na kromiamu kuungana na oksijeni ya hewani. Utando ukikwaruzwa, hujirudishia wenyewe. Sumaku haiupimi.

Kunasa au kutonasa hutegemea zaidi nikeli. Vijiko na sufuria zenye mhuri wa 18/10 zina takriban asilimia 18 ya kromiamu na 10 ya nikeli, na sumaku haizishiki. Zenye mhuri wa 18/0 zina kromiamu kiasi hicho hicho bila nikeli, na sumaku hunasa. Ni kweli nikeli huongeza uimara, hasa penye chumvi, lakini kwa matumizi ya kawaida ya jikoni 18/0 inatosha na bei yake huwa nafuu. Tena majiko ya umeme ya indaksheni hayapashi moto chombo kisichonasa sumaku.

Kuna mtego mwingine. Chuma cha daraja la 201, ambacho manganizi imechukua nafasi ya sehemu ya nikeli, hakinasi sumaku, ila hushika kutu mapema kuliko daraja la 304. Anayetegemea sumaku pekee anaweza kulipia sinki la 201 bei ya 304. Heri kumwomba muuzaji aandike daraja kwenye risiti.

Hata chombo bora kina maadui: chumvi na klorini. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wanashauriwa kusuuza sinki na kulikausha kila jioni. Chumvi ya kupikia itiwe maji yakishachemka, kisha yakorogwe. Ikitulia chini ya sufuria ya maji baridi huweza kuchimba vishimo vidogo. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isiachwe kwenye sinki usiku kucha.

Waya wa chuma wa kusugulia nao huacha chembechembe zinazoshika kutu, na mwenye sufuria hudhani imeharibika. Mara nyingi madoa hayo hutoka kwa siki na kitambaa laini.