Namna Virusi Vinavyoingia Katika Viazi

Mkulima wa Lukozi, ukiona shina la kiazi mviringo limedumaa, na majani yamejikunja kama kijiko au yana mabaka ya manjano, yafaa ushuku ugonjwa wa virusi.

Virusi ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Virusi vya mafua hujishikiza kwenye chembe ya mwili wa mtu kama ufunguo katika kufuli. Kisha chembe huvimeza ndani ya kifuko, na ngozi yao huungana na ngozi ya kifuko hicho, vikaingia. Virusi vya viazi haviwezi hivyo, maana chembe ya mmea ina ukuta mgumu. Hungoja tundu. Vidukari wafyonzao utomvu ndio watobozi. Virusi vya mabaka huingia pia kwa kisu kilichokata kiazi kigonjwa.

Vikishaingia, hakuna dawa. Hushuka mpaka kwenye viazi, na mbegu hiyo huzaa mmea mgonjwa. Mkulima auzaye viazi vikubwa na kupanda vidogo asivyojua shina lake, huenda anapanda ugonjwa.

Basi fanya hivi:

1. Ng'oa mashina magonjwa mapema.

2. Wakati wa maua, chomeka vijiti penye mashina yenye afya. Yachimbe hayo kwanza, uweke mbegu yake peke yake.

3. Panda mbegu nzima, usiikate.