Kutafuta Mababu wa Mpala katika Mabuku ya Misioni

Mama mmoja wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, alinijia na ulizo: «Padri, nkambo wangu alitoka Mpala. Nataka kujua kabila lake.» Nikamwuliza jina. Alijua jina la ubatizo tu. Wafratri na walimu wapenzi, maulizo ya namna hii yatawafikia ninyi pia.

Kule Ujerumani, mwenye mababu wa kijiji kidogo cha wakulima, nyumba kumi ao kumi na mbili, huanza na buku la parokia. Humo hukuta baba, mama na watoto, pengine kwa miaka mia tatu, kwani wengi walikaa kwenye shamba la wazee wao. Mpala nayo ilikuwa kijiji kidogo cha kulima, kando ya ziwa Tanganyika, kati ya Kalemie na Moba. Storms, askari Mbelgiji, alijenga boma pale mwaka 1883. Mwaka 1885 likapewa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Kapiteni Joubert akafika mwaka 1887 kuwalinda watu na wawindaji wa watumwa. Mapadri wakakomboa watoto, wakawalea, wakawafungisha ndoa, wakawapa mashamba. Basi, mtoto aliyetekwa angali mdogo, padri angeandika nini pahali pa jina la baba yake?

Kwa hiyo usitazame mstari wa wazazi peke yake. Tazama msimamizi. Mtoto asiye na ndugu, msimamizi ndiye aliyekuwa jamaa yake, na pengine alimjua tangu safari ya utumwani. Kisha fungua buku la ndoa, usome mashahidi. Tena soma majina kwa sauti, wala usiyaamini macho. Mapadri wale walikuwa Wafaransa na Waflama, na kila mtu aliandika kama sikio lake lilivyozoea: Kabulu huyo mmoja ataitwa Kaboulou hapa, na Kaboeloe kule.

Kama mchwa wamekula buku, kazi haijaisha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliamuru parokia zipeleke nakala kwa Askofu kila mwaka. Ulizeni huko kwa habari za miaka iliyofuata. Kwa siku za mbele zaidi kuna zile diario ambazo Lavigerie aliamuru ziandikwe katika kila misioni. Zinatunzwa Roma, kwenye nyumba kuu ya shirika lao.

Linabaki jambo gumu. Ukikuta neno «mtumwa», utasemaje? Mimi nasema: usilifute, wala usilisome mbele ya watu. Mwambie mwenye ulizo peke yake, kwa upole, naye ataamua kama jamaa yote isikie. Adriano Atiman alinunuliwa utotoni, akasomea uganga Malta, akawatibu watu wa Karema tangu 1889 hata kufa kwake mwaka 1956. Habari za utumwa wake aliziandika yeye mwenyewe.

Mama wa Kenya nilimwambia arudi kwa wakubwa wa nyumbani, aulize nani alimlea nkambo wake. Alirudi na jina la bibi mmoja ambaye wote walimwita nkambo, ingawa hakuwa wa damu yao. Jina hilo nimelipeleka Mpala kwa barua, pamoja na namna tatu za kuliandika.