Numero moja, watu wawili: hatari iliyofichama ndani ya seva

Hapa Beni na Butembo, wengi tunapeleka simu kuchajiwa kwenye duka. Unaacha simu, unapewa numero, tuseme 7. Ukirudi unataja 7, unapewa simu yako. Sasa ile 7 iko huru, mwenye duka anampa mtu mwingine.

Lakini mulikuwa wawili, wewe na mdogo wako, na wote munajua ile numero. Wewe umekwisha kuchukua simu, hukumwambia. Mwenye duka amempa 7 mama mmoja. Mdogo wako anafika mbio: "Nipe ya 7!" Anapewa simu ya yule mama. Mwizi hakuna, lakini mama amepoteza.

Jambo kama hilo linaweza kutokea ndani ya seva, ni kusema mashine inayopokea ujumbe wa watu mingi mara moja, kama vile wakati mchimbaji wa Manguredjipa anamtumia bibi yake franga kwa simu. Kila muunganisho unaofunguliwa unapewa numero. Mfumo kama Linux unatoa kila mara ile ndogo kabisa iliyo huru. Ndani ya programu, kazi inagawanywa kwa wafanyakazi wengi, wanaitwa nyuzi, na wote wanatumia orodha moja ya numero. Uzi mmoja ukifunga 7 wakati mwenzake angali na jibu la kutuma kwa 7, na katikati mteja mpya akapewa 7, jibu linaenda kwa huyu mpya. Programu haioni kosa, juu 7 iko wazi. Tena ukifunga mara mbili, mara ya pili unaweza kufunga mlango wa mtu mwingine.

Kosa hili ni gumu kukamata. Watu wakiwa wachache halionekani. Wakijaa, njo linatokea.

Kosa la jamaa moja na hili lilionekana ulimwenguni tarehe 20 Machi 2023. Watu fulani wa ChatGPT waliona vichwa vya mazungumzo ya wengine. Muunganisho ulirudishwa kutumiwa tena wakati jibu la mtu wa kwanza lilikuwa halijasomwa. Aliyefuata akapokea ya mwenzake.

Dawa inajulikana. Kwanza, kila numero iwe na mwenyewe mmoja, na yeye peke yake afunge. Pili, wakitumia wengi, wahesabiwe: wa mwisho kutoka njo anafunga. Tatu, uzi unaotaka kubaki nayo uombe nakala, itapewa numero yake. Nne, ukikwisha kufunga, futa ile numero kwako, usiitaje tena. Kijana anayesoma informatiki ayashike haya kabla ya kuandika programu inayobeba jasho la watu.

Na sisi wa nyumbani? Soma jina la mpokeaji kabla ya kukubali. Mtandao ukikwama, usitume mara ya pili mbio mbio; angalia kwanza salio. Na usifute ujumbe wenye numero ya operesheni, mpaka mwenzako wa kule aseme: "Imefika."