Ekseli Nzito Haiongezi Tani

Dereva wa pikapu anayeleta viazi ulaya Kampala kutoka vilima vya Kabale, safari ya kilomita 400 hivi, anaijua vizuri sauti ya hafushafti inapokatika. Tajiri naye, akichoka kununua vipuri, humwambia fundi: "Toa ekseli hii, weka ya gari kubwa." Kazi ikiisha, pikapu ya tani 1 inapakiwa tani 2. Ndugu wanachama, hapa tunaeleza badiliko hilo linafanya nini na halifanyi nini, kwa kuwa anayeshika usukani ni mwenzetu.

Nguvu ya injini hupita kama katika mnyororo: klachi, giaboksi, propela, difu, hafushafti, kisha gurudumu. Njiani huzidishwa. Tuseme gia ya kwanza inazidisha mara 4, na difu mara 4.1. Nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye ekseli ni zaidi ya mara 16 ya ile iliyotoka injini. Lakini ukiimarisha pingu moja ya mnyororo, pingu nyingine iliyo dhaifu ndiyo itakayokatika: leo hafushafti, kesho krosi za propela, keshokutwa klachi.

Ekseli za nyuma ni za namna mbili. Katika pikapu nyingi nyepesi, hafushafti inafanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na pia inabeba uzito wa gari. Ikikatika, gurudumu laweza kuchomoka. Katika namna ya pili, kama ile ya Land Rover za zamani, uzito unabebwa na bomba la ekseli kwa beringi mbili za kila gurudumu. Hafushafti inazungusha tu. Ikikatika, gari linasimama, lakini gurudumu linabaki mahali pake. Kuitambua si vigumu: katikati ya gurudumu pana kifuniko chenye bolti, na ukizifungua unaweza kuchomoa hafushafti bila kupiga jeki. Ekseli ya namna hii ni faida ya kweli kwa usalama.

Hesabu ya meno ya difu nayo iangaliwe. Meno 41 kwa 10 ni 4.1, meno 48 kwa 10 ni 4.8. Ukibadilisha hivyo, gari litavuta mlimani kwa asilimia 17 zaidi, lakini kwa mwendo ule ule injini itazunguka asilimia 17 zaidi. Kwa gari la magurudumu manne ya kuvuta, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja, la sivyo zitashindana na kuvunjana. Propela nayo ipimwe upya. Ikiwa fupi mno yaweza kuchomoka.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Gari la tani 1.5 likibeba tani 1 lina jumla ya tani 2.5. Likibeba tani 2, jumla ni 3.5. Katika mteremko ule ule, kwa mwendo ule ule, breki zina kazi ya asilimia 40 zaidi. Zikipata moto kupita kiasi zinalegea, na ekseli nzito haiwezi kusaidia. Chesisi, springi, tairi na breki za mbele ni zile zile za kiwandani. Ekseli imebadilika, uzito ulioruhusiwa na kiwanda haukubadilika.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea ufunguo, dereva aulize: Breki zimebadilishwa pamoja na ekseli? Tairi zimeandikwa uzito gani? Nani amelikagua gari? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa mfanyakazi kazini, na gari ni mahali pa kazi. Ukiamriwa kuzidisha mzigo, andika tarehe, uzito na aliyetoa amri, kisha umjulishe mwakilishi wa chama mapema. Breki zikishindwa, tajiri hayumo ndani ya gari. Dereva na taniboi wamo.